Siku Mgeni Alipogeuzia Korongoni

Marahaba, wanangu. Najua hamjaniamkia, ila nimeona niitikie kabisa, maana siku hizi mtu anakutumia ujumbe anaanza na "naomba namba ya waziri", salamu hana. Juzijuzi binti mmoja anayeanza kazi redioni alinipigia, huyo angalau aliniamkia, akaniuliza: bibi, hivi serikali inaulizwaje? Nikamwambia nina ugali jikoni, nitampigia. Ugali wenyewe sikuwa nao. Nilikuwa nimekaa tu hapa Bigwa, mlango wazi, namsubiri mtu ambaye sijui ni nani. Swali lake limenikaa kichwani, kwa hiyo namjibu yeye na nyinyi wenzake kwa pamoja.

Kazi yangu ilikuwa kuuliza habari za usafiri. Mabasi, reli, bodaboda, madaraja, lakini zaidi barabara za milimani. Nilikuwa na kipindi kwenye redio ndogo pale Mafiga, na akina mama wa sokoni waliniita Bi Barabara. Jina langu la ubatizo ni Anastazia, ila mtu akiniita hivyo mjini nachelewa kugeuka.

Katika kazi hiyo yote kuna kitu kimoja nilikitaka kuliko vingine: barabara ya kwenda Lukwambe, kijiji cha mama yangu, kule juu Uluguru. Sisi Waluguru ukoo ni wa mama. Kwa baba unakwenda kusalimia, lakini kwa mama ndiko kwenu. Huko ndiko unapewa shamba, na huko ndiko watu wanagombana nawe bila kukuomba radhi. Barabara niliitaka, na niliipata. Nitawaambia ilinigharimu nini, msije mkasema bibi alituficha.

Lakini kwanza kazi yenyewe, maana mnaipenda kwa sababu mnaona picha zake tu.

Studio yetu ilikuwa chumba kimoja, ukutani tumebandika trei za mayai ili sauti isirudi. Mhariri wetu alikuwa Mzee Banzi, mtu wa maneno machache na kahawa nyingi. Siku ya kwanza alinipa nakala ya sera ya taifa ya usafiri, imekunjwakunjwa hiyo, akanikataza kutoka na kinasa sauti mpaka niwe nimeisoma yote. Nikanuna. Nilidhani uandishi ni kukimbia. Akaniambia, "Usimuulize mkubwa ndoto yako, atakwambia na yeye anaota. Muulize ahadi yake." Nikaisoma kwa penseli, na kweli, wanangu, humo ndani mlikuwa na ahadi ambazo hata waliozitoa walikuwa wameshazisahau. Mojawapo ilisema watu wa vijijini watafikika kwa barabara inayopitika majira yote. Niliipigia mstari, nikaiwaza Lukwambe.

Nikaona sasa nimeiva. Ukaja mkutano wa wadau, ukumbi wa hoteli mjini, viti vimefungwa vitambaa kama harusi. Nikasimama, nikauliza swali moja refu lenye mikia mitatu: kwa nini barabara za milimani zimeachwa, nani anawajibika, na je, mna mpango wa kuweka alama za barabarani kule Kihonda. Mheshimiwa akanishukuru sana, akasema nina sauti nzuri ya redio, akajibu habari za alama za Kihonda. Watu wakapiga makofi. Nilikaa chini nimevimba kwa furaha, mpaka Mzee Banzi aliponiambia nje kwamba nimemwekea mtu sahani tatu na yeye amekula ile laini. Tangu siku hiyo nauliza kitu kimoja. Ukishauliza, funga mdomo, maikrofoni iache palepale mbele yake. Wakubwa wengi wanaweza kuvumilia kelele, ila kimya kinawatoa jasho.

Mengine ni ya kujifunza njiani. Maikrofoni ivalishe soksi, upepo wa mlimani unakula maneno. Vaa raba. Msafara wa magari usipande nao, wewe panda jana yake kwa miguu, ili mkubwa akifika akute umeshajua anachofichwa. Na yajueni maneno yao. "Mchakato unaendelea" maana yake hakuna aliyeanza. "Tumelichukua" maana yake hutaliona tena. Halafu kuna "upembuzi yakinifu". Mh! Huo ni kama shangazi aliyekuja kwenye msiba akahamia: kila ukiuliza anaondoka lini unaambiwa bado anapumzika.

Na kuna jambo hawatawafundisha chuoni. Ukishauliza swali la kweli kwenye mkutano, wakati wa chakula hakuna atakayekaa karibu nawe. Si kwamba wanakuchukia. Wengine watakukonyeza, mwingine atakupitia mgongoni anong'one "safi sana, dada", kisha aende zake kwenye meza ya wakubwa. Nimekula pilau nyingi sana mbele ya viti vitupu. Mwanzoni nilijifanya nasoma makaratasi. Baadaye nikaacha hata kujifanya, nikawa nakula tu. Inauma, sitawadanganya.

Haya, sasa Lukwambe.

Kule kwetu mgeni akija, njia husafishwa. Si mgeni wa serikali tu, hata padre, hata mkwe anayeleta posa. Watu wanatoka na majembe na mapanga, wanafyeka, wanajaza mashimo mawe, wanafukia palipochimbika. Mama yangu mdogo, Kanisia, ndiye aliyekuwa mbele ya akina mama katika kazi hiyo. Akikuta jani kwenye njia ya mgeni anaona kama limeanguka usoni kwake.

Basi akaja mkubwa mmoja kukagua barabara za milimani, enzi hizo mimi sijaanza hata kazi ya redio. Lukwambe wakatoka kijiji kizima. Lile korongo lililokuwa linakata njia kila masika wakalijaza mawe na magogo, wakalifunika udongo, wakalishindilia kwa miguu huku wakiimba. Gari likapita kama liko kwenye lami. Mkubwa akala kuku, akala ndizi, akawapongeza kwa kuwa na barabara nzuri namna ile, akashuka. Huko ofisini, sitaitaja ofisi, Lukwambe ikaandikwa kuwa inafikika kwa gari mwaka mzima. Masika ya kwanza korongo likameza mawe na magogo yote. Na kila walipoomba barabara, jibu likawa: mbona mnayo?

Mamdogo Kanisia alikuwa akinisimulia ugeni ule kwa fahari, mwanzo mpaka mwisho. Mimi ndani naungua. Maana wagonjwa wetu walikuwa wanashushwa kwa machela, miti miwili na blanketi, vijana wanapokezana kwenye utelezi mpaka chini ambako gari linaweza kufika. Binti yake mwenyewe, Teodosia, alishushwa hivyo akiwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza. Mtoto alifia njiani, kabla hawajalivuka korongo. Nilikuwapo kwenye maziko. Hakulia Teodosia, alikuwa anautazama mgomba uliokuwa mbele yake, basi. Niliporudi Mafiga niliifungua ile sera pale nilipopiga mstari, nikaona aibu kuwa na penseli.

Miaka ikapita. Ikatangazwa kwamba sera inapitiwa upya, na naibu waziri atazunguka milimani kuona kwa macho yake. Lukwambe wamo kwenye ziara, tena katikati ya masika. Nikapanda jana yake kwa miguu kama nilivyofundishwa. Na mnajua nilikuta nini? Kijiji kizima kiko korongoni na majembe. Mawe yameshabebwa, magogo yameshakatwa, Mamdogo amejifunga kanga kiunoni anaamrisha.

Niliwaangukia. Nikamwambia mwenyekiti wa kijiji, nikawaambia vijana, acheni. Fyekeni kotekote mnavyotaka, lakini korongo liacheni kama lilivyo. Mkilijaza leo, huyu naye atapita, atakula, atawapongeza, na machela itabaki pale pale. Vijana wakasimamisha majembe, maana wao ndio wanaobeba hiyo machela, mabega yao yanajua. Mwenyekiti akakuna kichwa, akasema wilayani wamemwambia njia iwe safi, lakini hawakumwambia korongo lijazwe. Hapo nikajua nimempata.

Mamdogo yeye alisimama na jiwe lake mkononi.

"Mgeni tumemwita sisi," akasema. "Tumemwita, halafu tunamwachia shimo?"

"Mamdogo, ni shimo hili hili lililomkwamisha Teodosia."

"Teodosia ni mwanangu. Unadhani nimesahau? Uchungu wangu ni wangu, siupangi njiani ili mgeni aukanyage."

Lakini vijana walikuwa wameshaanza kuweka majembe begani. Akalitua jiwe taratibu, akaondoka kwenda kuandaa chakula.

Asubuhi yake wakapika. Alichinja majogoo yake mwenyewe, ndizi zikapikwa kwa nazi, wali ukapikwa wa wageni, akina mama wakavaa vitenge vya sare, ngoma zikawekwa juani ngozi zikaze. Mimi nilikuwa chini korongoni, nimekaa juu ya jiwe, soksi kwenye maikrofoni. Msafara ukapanda. Gari la kwanza likafika ukingoni, likasimama, na mengine yote yakasimama nyuma yake. Naibu waziri akashuka. Mtu mzima, mpole wa uso, viatu vyeusi vinang'aa. Akachungulia chini maji yanavyopita. Watu wake wakaanza kusukumana nyuma, kila mmoja anamtafuta mwenzake wa kueleza.

Nikamwamkia, nikajitambulisha, nikauliza kitu kimoja.

"Mheshimiwa, kwa taarifa za serikali, Lukwambe inafikika kwa gari mwaka mzima. Gari lako limeishia wapi?"

Kisha nikanyamaza. Maikrofoni nikaiacha palepale. Afisa mmoja akataka kumjibia, yeye akamwinulia mkono.

"Limeishia hapa," akasema.

Ni maneno mawili tu, wanangu, lakini ndiyo niliyorusha hewani, tena na tena, pamoja na maji ya korongo yakisikika nyuma. Aliuliza mambo mengi pale ukingoni, akaandikiwa, akawagombeza watu wake mbele yetu. Vijana wakamsimulia habari za machela. Kisha mvua ikaanza kutishia, walinzi wake wakasema kupanda kwa miguu haiwezekani, akanishika mkono akaniambia niwasalimie wa juu. Magari yakageuza.

Nikapanda mbio kupeleka habari. Nikawakuta wamejipanga mistari miwili, wanaume huku na wanawake huku, watoto wameshika maua. Walikuwa wamesikia muungurumo wa magari, wanasubiri yatokee kwenye kona. Nikawaambia: amesema, amekubali mbele ya kila mtu, barabara inakuja! Hakuna aliyepiga kigelegele. Mzee mmoja akauliza kama mgeni yuko nyuma yangu. Nikasema amegeuka.

Ndipo nikaona meza. Kitambaa cheupe kilichofumwa kwa mkono, sahani za udongo zilizoazimwa kwa masista, birika la kunawia limeshajazwa. Lukwambe haijawahi kutokea mgeni akageuzia njiani chakula kikiwa mezani. Kwa watu wale hilo si bahati mbaya, ni kuvuliwa nguo hadharani. Walikaa wakisubiri mpaka wali ukapoa, labda atarudi. Mwishowe chakula wakapewa watoto. Mamdogo hakuonja.

Nilimfuata jikoni nimsaidie kuosha, akaichukua sahani mkononi mwangu.

"Wewe umepata jibu lako," akaniambia, bila kupandisha sauti. "Mimi nimebaki na meza yangu. Nenda salama, Anastazia. Ukija tena, njoo ukiwa umealikwa."

Nilishuka mlima nikidhani ni hasira za siku moja.

Mzee Banzi aliposikiliza mkanda aliusifu, jambo ambalo hakuwa akilifanya. Nikamsimulia na habari za chakula. Akanywa kahawa yake, akaniuliza kwa nini hatukushusha masufuria korongoni. Wangetandika mikeka pale ukingoni, ngoma zingepigwa pale pale, mgeni angeona shimo na angekula. Nilimkasirikia mno mzee yule. Kwa nini mtu anakuwa na akili za namna hiyo siku ikiwa imeshapita? Lakini ninyi lichukueni: mnapokwenda kuibana serikali, watu mliokwenda kuwasemea wana heshima yao, nayo itafutieni mahali pa kukaa. Mzee Banzi amefariki. Hakuna tena mtu wa kunikasirisha kwa faida.

Msinielewe vibaya lakini. Sikukosea kuliacha korongo wazi, na nikirudishwa pale kesho nitawaangukia tena. Barabara ilikuja. Haikuja upesi. Niliuliza mpaka wakanichoka, kila bajeti niko mlangoni, kila mkutano nimekaa na kiti changu kitupu. Ikaletwa mitambo, wakatandika changarawe, wakajenga karavati korongoni, maji yapite chini na gari juu, na kwenye mlima mkali wakamwaga zege. Teodosia alipopata mimba nyingine alishuka na gari, amekaa kwenye kiti kama mtu, akajifungua hospitali mtoto wa kiume mwenye kelele. Niliambiwa na muuza ndizi. Kwenda kumwona sikualikwa.

Nilikuwa na kazi, kwa hiyo sikuhisi sana. Ukiwa na kipindi kila wiki unajidanganya kwamba una watu. Siku nilipostaafu walinipa saa ya ukutani na keki, wakapiga picha, na kesho yake simu haikuita. Mume wangu alishatangulia, watoto wako Dar na Dodoma, wananipenda kwa simu. Ndugu wa mama wanashuka kila siku na magari ya ndizi na mdalasini, wanapita hapa Bigwa mbele ya mlango wangu, wananipungia. Upweke upo, wanangu. Sioni haya kuusema.

Mwaka huu nikaalikwa. Teodosia alipiga simu mwenyewe: mtoto anapokea komunyo ya kwanza, dada uje, na mama amekubali. Wee! Nilinunua kitenge siku ile ile. Nilipanda gari, na kabla sijamaliza kuhangaika na mkanda tulikuwa karavatini. Dereva, kijana tu, hakupunguza hata mwendo. Nikatamani kumwambia asimame, nikaona nitamwambia nini?

Mamdogo Kanisia amezeeka, macho hayaoni vizuri. Nikapiga goti, nikamwamkia. Akanishika uso kwa mikono yote miwili, akaitikia marahaba ndefu, akasema nimekonda. Nililia, naye akalia kidogo. Hakuna lililosemwa kuhusu meza. Nikawekewa kiti chenye mto, nikaletewa maji ya kunawa, nikapakuliwa wa kwanza, kidari cha kuku kikawekwa kwangu. Nikasema moyoni, basi yamekwisha.

Sherehe ikapita, wageni wengine wakashuka, mimi nikabaki. Kila nikiinuka kwenda jikoni mtu ananirudisha kwenye kiti. Nikishika ufagio unachukuliwa taratibu, kwa tabasamu. Mnaujua msemo: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu ikafika. Asubuhi wakatoka kwenda shambani, shamba la ukoo, ambalo mama yangu alililima nikiwa mgongoni kwake. Nikamfuata Teodosia mlangoni, nikajifunga kanga kiunoni, nikamwambia na mimi anipe jembe.

Mwanamke huyu ananipenda, naapa. Mtoto wake alikuwa amemshika mkono, anachekacheka. Akaniangalia kwa huruma yote aliyonayo, akanivutia kiti kivulini.

"Hapana, dada," akasema. "Wewe kaa upumzike. Wewe mgeni wetu."